Mshono Uliong'aa

Mambo haya nimeyaandika mara mbili. Mara ya kwanza niliyaandika siku zilezile, kwenye daftari langu la kawaida, na nilipoyasoma baadaye nikaona nimejipendelea. Kwa hiyo nimeandika upya. Sijui kama safari hii nimekuwa mkweli zaidi, au nimezidi ujanja tu wa kujipendelea. Niliacha shule darasa la sita, msomaji anivumilie.

Nina karakana ya kuchomea vyuma Bwera, magharibi mwa Uganda, kando ya barabara iteremkayo mpakani. Natengeneza mageti, madirisha, vitanda vya mabweni, mara mojamoja toroli. Baba yangu alikuwa askari na mimi nilizaliwa kambini, ndiyo maana Kiswahili kwangu ni lugha ya nyumbani. Mbele ya mlango wangu anakaa mama mmoja wa Butembo, upande wa Kongo, anauza vitenge na sabuni. Hakuna ninalofanya asiloliona, na hakuna analoliona asilolisema.

Wale wanafunzi walikuja likizo yao ndefu ilipoanza. Walikuwa tisa, wa klabu ya uhandisi ya chuo kikuu, wote wamevaa fulana za bluu, na waliongozwa na binti mwembamba aliyekuwa mwenyekiti wao. Walikuwa wametoka kuulizia Kasese mjini, wakaulizia Kinyamaseke, na mtu akawaelekeza kwangu.

"Mzee," yule binti akaniambia, "tunatafuta fundi ambaye mishono yake haivuji."

"Mishono yangu haivuji," nikamjibu.

Sikudanganya. Ila sikuwa nimewahi kujua, kwa sababu geti halitiwi maji.

Walichotaka kutengeneza ni pampu isiyokunywa mafuta wala kutumia umeme. Juu ya Bwera kuna kilima kimoja chenye nyumba nyingi, na maji yake yako bondeni, kwenye kijito. Wanawake wanashuka asubuhi na jerikani, wanapanda nayo mgongoni, na jioni wanarudia. Pampu ile inakaa kando ya kijito. Maji yanateremka kwa nguvu ndani ya bomba, valvu inajifunga ghafla, tak, na kwa kishindo hicho maji kidogo yanasukumwa ndani ya chombo cha chuma kilichojaa hewa. Chombo hicho walikiita tumbo. Hewa ndani ya tumbo inabanwa, nayo inayarusha maji kwenye bomba jembamba mpaka kilimani. Kisha valvu inafunguka na mambo yanaanza tena, tak, mchana na usiku, bila mtu kuishika. Waliponieleza mara ya kwanza niliitikia tu kwa kichwa. Mara ya tatu nikaelewa, na nikafurahi kama niliyeibuni mwenyewe.

Tumbo lilikuwa kazi yangu.

Nataka niseme walivyofanya kazi, maana hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Kila asubuhi walikaa kwenye kreti za soda mbele ya karakana na kufanya mkutano. Mwenyekiti anafungua, katibu anaandika. Katibu wao alikuwa kijana mpole asiyesema sana. Anayetaka kusema ananyoosha mkono, hata kama anataka tu kuomba spana. Nilizoea mahali ambapo mwenye sauti kubwa ndiye mwenye akili, na hapa nilimwona binti mdogo ananyoosha mkono, anapinga jambo la mwenyekiti wake, na mwenyekiti anasema, "Sawa, hapo umenishinda, katibu andika."

Mama wa Butembo alishindwa kuvumilia.

"Baba fundi, hii batoto banaomba ruhusa ya kusema? Kwetu mutu akiwa na mudomo, anasema."

"Ndiyo maana kwenu hamsikilizani, Mama," kijana mmoja akamjibu, na Mama akacheka mpaka akaketi juu ya vitenge vyake.

Si malaika, lazima niseme. Kuna aliyekuwa hatoki kwenye simu. Aliniambia wazi kwamba amejiunga na klabu ili apate karatasi ya kuwaonyesha waajiri. Lakini huyohuyo, walipoenda kuchimba mtaro wa bomba, alichimba kuliko wote. Mara moja walibishana nusu saa kuhusu boliti moja. Na walivunja taya la jiliwa yangu, ile ya kubania vyuma. Hilo nililijua kabla sijaliona, kwa sababu aliyevunja alilisema mwenyewe, jioni.

Jioni ndiyo ilikuwa saa yao hasa. Kabla jua halijazama walisimama mduara, na katibu akafungua kitabu chenye jalada jeusi. Kitabu hicho kimewatangulia wote. Wanafunzi wa kila mwaka wanawaachia wanaofuata. Ndani yake kila mtu anasema kosa lake la siku ile, na katibu analiandika. Sheria ni moja: unataja lako, hutaji la mwenzako hata kama umeliona kwa macho. Ukishasema, wote wanapiga kofi moja, pa!, kama mlango unaofungwa. Baada ya hapo hakuna ruhusa ya kukusimanga nalo. "Nilikata bomba fupi." Pa! "Nilichelewa, nikasingizia boda." Pa! "Nilijifanya nimeelewa." Pa!

Mimi nimekaa na mafundi tangu ujana. Kwetu kosa lina jina la mtu mwingine siku zote. Ni la umeme uliokatika, au la chuma kibovu, au la mteja aliyebadilisha vipimo. Niliwaangalia wale vijana nikaona wamebeba kitu ambacho mimi na mvi zangu sijawahi kukibeba.

Zamu ilipofika kwangu, mwenyekiti aliuliza kwa heshima, "Na Mzee?"

"Leo sina," nikasema.

Kesho yake vilevile. Na keshokutwa. Siku ya nne Mama wa Butembo akapaza sauti toka kwenye sabuni zake: "Siku ine bila kosa! Baba, umekuwa malaika? Na ile bawaba ya mulango yangu uliyoweka juu chini?"

"Mama," mwenyekiti akasema huku anazuia kucheka, "hapa kila mtu anasema lake tu."

"Haya basi, andika yangu. Niliamini fundi."

Pa!

Ikafika siku ya kulifunga tumbo, yaani kuchomea kifuniko kwenye kipande cha bomba nene. Vijana walikuwa kilimani wakichimba, mimi niko peke yangu na mchoro wao ukutani. Mchoro ulikuwa safi, mistari kama imechanwa kwa wembe. Pembeni ya mshono kulikuwa na alama ndogo, mshale na pembetatu. Sikujua maana yake. Kumpigia simu yule binti na kumuuliza kungechukua dakika moja. Sikumpigia. Mtu mwenye karakana yake, amwulize mtoto wa miaka ishirini alama?

Nilichomea. Kwa haki kabisa, mshono ulikuwa mzuri, mnene, umeshika pande zote mbili. Kisha nikasimama nikautazama. Ulikuwa na makunyanzi kama kiwavi. Wateja wangu wa mageti hawapendi makunyanzi. "Fundi, huu uvimbe ni wa nini?" wananiuliza. Na nilijua kwamba mwalimu wa chuo kikuu anakuja Jumamosi, na simu zitapiga picha. Nikachukua grinda. Nikausaga mshono hadi ukalala sawa na bomba, ukang'aa. Hapo pakatokea kitundu, kidogo kama ncha ya sindano. Nikakiziba kwa fila, ile dawa tunayopaka kabla ya rangi, nikasugua kwa msasa, nikapuliza rangi ya fedha. Usingeweza kujua bomba linaishia wapi na kifuniko kinaanzia wapi.

Vijana waliporudi walipiga kelele za kushangaa. Mwenyekiti alipitisha kidole pale kwenye mshono.

"Mzee, hata kiwandani hawafanyi hivi."

Alisema kweli. Kiwandani hawafanyi hivi.

Katibu alilijaza tumbo hewa kwa pampu ya baiskeli, akapaka povu la sabuni kutafuta panapovuja. Hakuna povu lililochemka. Jioni ile nilisema, "Leo sina," na niliamini.

Alhamisi tukapanda. Kamati ya maji ya kilimani inaongozwa na askari mstaafu, na kila mtu anamwita Afande. Yeye ndiye aliyewatoa watu kuchimba mtaro. Alituambia mapema: "Watu hawa wameshaahidiwa maji na wengine. Ninyi nimewadhamini mimi. Mkitia aibu, sitapata mtu wa kushika jembe tena hapa."

Walifungua maji. Tak. Tak. Tak. Tukapanda mbio hadi kwenye tangi kilimani tukasubiri. Bomba likakohoa hewa, likatema tope, halafu maji yakaja. Wanawake wakapiga vigelegele. Afande akapiga saluti, sijui kwa nani, labda kwa bomba.

Haikufika nusu saa. Kutoka bondeni mlio ukabadilika. Tak ikawa dum, nzito, kama nyundo juu ya fuawe. Tuliposhuka pampu ilikuwa inatikisika yote, na mara maji yakaruka toka ubavuni mwa tumbo kama upanga.

"Funga! Funga maji! Wote nyuma!" Afande akaamrisha, na tukarudi nyuma sote kama kuruta.

Maji yakafungwa. Yule binti aliketi kwenye jiwe, akatoa karatasi zake zenye hesabu. Alisema hewa imekwisha ndani ya tumbo, maji yamelijaza, ndiyo maana lilikuwa linapigwa. Alisema tumbo ni dogo mno, na kipigo hicho ndicho kilichopasua ubavu. Yeye ndiye aliyekokotoa ukubwa wake.

Jioni katika mduara alisema: "Nilikokotoa tumbo vibaya. Kilima kizima kimekosa maji kwa sababu yangu."

Pa!

Katibu akasema: "Nilipima kwa sabuni baada ya rangi. Nilipaswa kupima kabla."

Pa!

Rangi ile niliipuliza mimi. Hakunitazama; sheria hairuhusu hata kwa macho.

"Na Mzee?"

"Leo sina," nikasema.

Niliandika hivi kwenye daftari langu la kwanza: "Wanafunzi walikosea hesabu. Pole yao." Nimeacha ukurasa ule ulivyo.

Kabla hawajatawanyika mwenyekiti alieleza kitakachofuata. Mchoro ukionekana una kosa, taratibu za klabu ni kwamba pampu inafunguliwa, inarudishwa chuoni, na wanachama wa mwaka ujao wanaanza upya. Mwalimu akifika Jumamosi atamwambia hivyo, na ataacha uenyekiti. Aliomba kitu kimoja tu: Ijumaa nilikate tumbo, nilirefushe kwa kipande, ili mwalimu angalau aone wamejaribu.

Ijumaa asubuhi tumbo lilikuwa kwenye meza yangu. Ningeweza kulikata tu. Mshono wa zamani ungeondoka na kipande, na hakuna ambaye angejua kitu. Niliushika msumeno, nikauweka. Nikakwangua rangi kwanza. Fila ilikuwa imeng'oka, na ufa wa urefu wa kidole ulikuwa umepita palepale kwenye kitundu, mahali nilipopasaga pakabaki pembamba kama bati. Nikafunga pampu ya baiskeli, nikapaka povu. Likachemka.

"Baba, unaogesha chuma?" Mama wa Butembo alikuwa amesimama mlangoni.

"Napima."

Aliinama akaangalia mapovu kwa muda. "Inapumua," akasema. Kisha akaongeza, taratibu: "Ule mutoto mwanamuke alikuja kununua sabuni asubuhi. Macho yote nyekundu. Anasema hii masomo ya vyuma haiko yake."

"Labda hesabu yake pia ina kosa, Mama. Hujui."

"Hesabu yake siijui, kweli. Tundu yako naiona."

Akarudi kwenye vitenge vyake. Nami nilikaa na sababu zangu nikizipanga. Kwanza, ufa ungeweza kuwa umeletwa na kile kishindo, siyo kitundu. Hilo ni kweli, siwezi kuapa. Pili, katibu alipima, kwa nini hakuona? Tatu, Afande ana mdomo, na mshono ukivuja kilimani, nani ataniletea geti bondeni? Sababu zote zilikuwa na miguu ya kusimama. Lakini niliona kwamba hakuna hata moja kati yao ambayo wale vijana wangeiruhusu ndani ya kitabu cheusi. Kila moja ilikuwa na jina la mtu mwingine.

Jioni ile mwenyekiti alitaka kunipita bila kuniuliza, nadhani kwa huruma. Nilinyoosha mkono.

"Lete kitabu," nikamwambia katibu. "Hili naandika mwenyewe."

Mwandiko wangu ni mbaya na wote walisubiri. Kisha nikasoma: "Kwenye mchoro kulikuwa na alama sikuijua, sikuuliza. Nilichomea mshono vizuri halafu nikausaga ili ung'ae. Kikatokea kitundu nikakiziba kwa fila na rangi. Hewa ilitokea hapo. Jana nililijua nusu, nikasema sina."

Hawakupiga kofi mara moja. Nilidhani hawatapiga. Halafu, pa!

Yule wa simu akanyoosha mkono. "Mzee, swali tu. Kwa nini ulisaga?"

"Ili mseme ni mzuri."

Mmoja akacheka, wakafuata wote, na mimi nikacheka, machozi yakiwa karibu. Mwenyekiti hakucheka.

"Jana ulisema huna, Mzee," akasema. "Sikulala."

Neno hilo lilikuwa haki yake. Nimeliandika ili lisipotee.

Kisha akafungua karatasi zake na kuomba penseli. "Kwa hiyo hesabu yangu inaweza kuwa sawa."

"Inaweza."

"Au makosa ni mawili."

"Inaweza pia," nikasema.

"Basi hatulirefushi tumbo. Tukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hatutajua ni kipi kilichokuwa kibovu. Chomea upya tu. Liache ukubwa uleule."

Wenzake wakamtazama. Kesho mwalimu anakuja. Tumbo refu lingemlinda hata kama hesabu yake ni mbovu. Tumbo lilelile lingemwanika mbele ya mwalimu wake na kilima kizima. Alikuwa na kila haki ya kujificha, akachagua kujua. Nimewaona watu wengi wakiitwa wahandisi, wenye magari na kofia ngumu. Jioni ile ndipo nilipomwona mhandisi.

Jumamosi alfajiri nilichomea, mara mbili kuzunguka, na grinda nikaifungia kabatini. Mwenyekiti alinionyesha maana ya ile alama: mshono wa pembe, na unene wake. Dakika moja. Katibu alipaka sabuni kabla ya rangi, na hakuna kilichochemka.

Mwalimu alikuja na viatu visivyofaa kilima. Kabla hajaitazama pampu aliomba kitabu cheusi, akasoma kurasa za mwisho akiwa amesimama. Kisha akashika tumbo.

"Fundi ni wewe?"

"Ni mimi, mwalimu."

"Sura mbaya huu mshono."

"Ndiyo, mwalimu."

"Vizuri," akasema, akajifuta mkono.

Wakafungua maji. Tak. Tak. Nusu saa ikafika, na masikio yetu yote yalikuwa bondeni. Tak. Saa nzima. Tak. Mlio haukubadilika. Tumbo lilikuwa na ukubwa uliotosha tangu mwanzo. Yule binti alikaa kwenye jiwe lilelile, karatasi magotini, hakuzifungua.

Maji yaliyofika kwenye tangi yalikuwa unene wa kidole cha mwisho, pungufu ya yale waliyochora, na yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia mwalimu hivyo. Afande hakujali. Alikinga kikombe, akanywa, akampa mwanamke wa kwanza kwenye mstari. Kisha akaniita pembeni akaniuliza kama siwezi kuulainisha mshono kidogo, maana wageni watakuja kuona. Nilimwambia rangi apake, kwa ajili ya kutu, lakini asimruhusu mtu kuugusa kwa grinda hata akija na barua.

Tuliporudi karakana jua lilikuwa bado juu, wakasimama mduara wa mwisho. Mwenyekiti akasema lake: "Nilikubali kosa kabla ya kulipima." Wakapiga kofi, naye safari hii akacheka.

"Na Mzee?"

Nilifikiri. Ilinibidi nitafute, na kutafuta hakukuniuma.

"Nimesahau glavu zangu kilimani."

"Na zilikuwa za kuazima," Mama wa Butembo akapaza sauti. "Sitaji jina."

Pa!